Boti Iliyolipita Gari Lake

Barabara inayoshuka kilima huishia kwenye kona ya nguzo ya umeme iliyopinda, na hapo ndipo kijiwe kilipo. Mkono wa kushoto kuna duka la kinyozi. Mkono wa kulia, ng'ambo ya mtaro, kuna karakana ya rejeta. Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango wa stoo. Limelazwa juu ya matofali, na anayekaa mwishoni hawezi kusimama bila kutoa taarifa, la sivyo wenzake wote watajikuta chini na vikombe vyao. Kahawa ni ya muuzaji aitwaye Birika, na benchi ni lake pia, hivyo anayekaa bila kununua husalimiwa mara ya kwanza, huulizwa hali ya nyumbani mara ya pili, na mara ya tatu huambiwa anawazibia wateja hewa. Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa tayari mapema kuliko kawaida, kwa sababu palikuwa na jambo: boti ya Kapteni ilikuwa inauzwa, na mnunuzi alisema angefika saa tatu.

Kapteni alikuwa fundi wa rejeta, na hakuwahi kuvaa kofia ya unahodha maishani mwake. Jina alilipata miaka minne nyuma, siku aliyoingia mtaani na boti nyeupe ya fiba ikikokotwa na pikapu yake, katika mtaa ambao maji ya karibu kabisa, ukiacha ya bomba, yako mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti, akiitazama uani kwake. Alikuwa ameiosha mwenyewe na kuipangusa mpaka chini ya viti.

— Unaiaga? — akauliza Redio. Huyu alikuwa fundi wa simu, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mahali pa kumzimia.

— Naitazama tu.

— Mimi ningekuwa wewe ningecheza ngoma hapa hapa — akasema Birika, akimimina. — Mwaka na miezi minane imekaa pale kama mgeni aliyesahau kwao.

— Hebu sema ukweli, Kapteni, leo siku ya mwisho — akaendelea Redio. — Ile kitu imekula kiasi gani?

— Sijui. Niliacha kuhesabu.

— Mkewe hakuacha — akadakia Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na taulo begani, akingoja kichwa cha kwanza cha siku.

— Mke wangu alisema bora ningeoa mke wa pili — akasema Kapteni. — Alisema angalau angejua wa kugombana naye. Sasa atagombanaje na plastiki?

Wakacheka. Kapteni naye akatabasamu kidogo, kwa adabu.

— Lakini ni nini hasa kinachokula? — akauliza Birika. — Boti haili majani, haina ada ya shule.

— Boti yenyewe haina shida. Shida ni kuikokota. Magurudumu ya trela yanafika ziwani yamechemka kwa safari. Unalirudisha nyuma mpaka linaingia majini, ndiyo boti ielee. Sasa chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinavuta. Kinanyonya maji mpaka ndani kwenye beringi. Unarudi nyumbani unaimba, hujui kitu. Safari ya tatu, gurudumu linaanza kulia kama mtoto anayeota meno.

— Na dawa yake?

— Grisi. Kila ukitoka unafungua, unafuta, unapaka. Usipopaka, unanunua mpya. Halafu tairi: ukizitumia zinaisha, usipozitumia zinapasuka kwa jua. Halafu leseni ya trela. Halafu mafuta, maana gari lenyewe likivuta mzigo linakunywa kama limetoka jangwani. Mwaka wa pili panya walizaa ndani ya kiti.

— Panya nao wakawa mabaharia! — akasema Redio.

— Basi uliipendea nini, ndugu yangu? — akauliza Birika, na safari hii hakuwa anatania.

Kapteni akazungusha kikombe. Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa la kusema pale.

Jibu lilikuwa mdogo wake. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa kuwa ndiye aliyeendesha basi la shule, watoto arobaini na wawili asubuhi na jioni, na kila mtoto alimjua kwa jina na kituo chake. Ndugu hao wawili walikua wakilala godoro moja mpaka mkubwa alipooa, kisha maisha yakawatawanya kama yanavyotawanya ndugu: wakawa watu wa kukutana misibani na kuulizana habari za watoto. Boti iliwarudisha. Kila Jumamosi ya pili waliondoka kabla jua halijapanda, wawili tu, na mayai ya kuchemsha kwenye bakuli na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi.

Safari ya kwanza Kapteni alijaribu kulirudisha trela majini mwenyewe. Ukikata usukani kushoto, trela linakwenda kulia. Ukilirekebisha, linajikunja kama panzi. Alihangaika saa nzima kwenye ule mteremko wa saruji, wavuvi na wapita njia wakimpigia kelele: kushoto, kushoto kwako bwana, si kwangu! Mwishowe mdogo wake akafungua mlango, akasema, "Sogea, kaka," akakaa, akashika usukani kwa vidole viwili kama anayeshika kikombe cha moto, na trela likaingia majini limenyooka. Watu walipiga makofi. Tangu siku hiyo wakagawana kazi bila kuandikiana: nchi kavu usukani ni wa mdogo, majini usukani ni wa mkubwa. Na huko majini Dereva alikaa mbele, suruali imekunjwa mpaka magotini, akimwonyesha kaka yake kila ndege aliyepita kana kwamba mwingine hana macho. Mtu mwenye miaka thelathini na tisa. Kapteni alikuwa akimtazama kisogo na kujisemea kwamba hakuna pesa aliyowahi kuitumia vizuri kuliko hii.

Lakini pale benchini alisema:

— Niliipendea upepo.

— Upepo! — Redio akaruka, benchi likayumba. — Feni bei gani siku hizi? Ungeniona, ningekupa yenye spidi tatu.

— Mimi huo upepo wake naujua — akasema Kinyozi, akiupiga kofi ukuta wa duka lake, pale ambapo matofali ni mapya na rangi haijashikana na ya zamani. — Ulinijia na boti ndani.

Hapo kicheko kikawa kikubwa, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichokuwa chakula cha kijiwe, na hakikuwahi kuchacha. Jumamosi moja, mwaka na miezi minane iliyopita, pikapu ilipanda ikitoka karakana, ikazunguka juu kuchukua mafuta, ikawa inashuka tena kilima kuelekea njia kuu, Dereva kwenye usukani na Kapteni pembeni yake. Kwenye tuta, kichwa cha trela kiliruka kutoka kwenye lile tufe la chuma kinalokalia nyuma ya gari. Walichokiona waliokuwa kijiweni ni boti ikilipita gari lake. Ililipita kwa upande wa kushoto, bila honi, Kapteni akiwa dirishani anaitazama inavyompita. Ikaacha barabara, ikaingia kwa kinyozi kupitia ukutani, ikasimama juu ya kiti cha kunyolea. Kinyozi alikuwa ametoka kuchukua kahawa. Mteja wake alikuwa ametoka kutafuta chenji. Kiti kiligeuka chapati.

— Mimi nimelifikiria sana jambo lile — akaanza Redio.

— Anza basi — akasema Kapteni haraka. Alipenda Redio anapoanza.

— Lile trela lilitengenezwa kwa ekseli ya lori. Kweli si kweli?

— Kweli.

— Sasa ekseli ya lori imezoea nini? Imezoea kubeba tani kumi na kuongoza njia. Leo unaifunga nyuma ya kipikapu. Ilivumilia miaka miwili. Siku ile ikasema hapana, leo natangulia.

— Ekseli haina hasira — akasema Birika. — Kumbukeni siku ile bomba lilipasuka wapi. Lilipasuka hapa, chini ya nguzo. Maji yalikuwa yanatiririka mtaroni mpaka miguuni kwangu. Boti ilikuwa wiki tatu haijaona maji. Ikiwa kilimani ikasikia harufu.

— Boti ina pua?

— Ile mbele imechongoka kwa ajili gani?

— Nyinyi mnaota — akasema Kinyozi. — Jiulizeni: trela likichomoka kule juu lina mahali pangapi pa kwenda? Kuna duka la viatu. Kuna kliniki. Kuna uwanja mtupu wa shule, hauna cha kugonga. Vyote hivyo likaviacha, likanichagua mimi. Wiki ile ile niliyopunguza bei ya kunyoa. Na nani ana saluni kule juu karibu na tuta? Simtaji.

— Unataka kusema kinyozi mwenzio alilisukuma?

— Nimesema simtaji.

— Haya, haya, sasa nisikilizeni ya kisayansi — Redio akainua kidole. — Simu zote zikipita kwenye lile tuta zinapoteza mtandao. Zote. Nimepima kwa miezi sita. Maana yake nini? Chini ya tuta kuna sumaku. Sumaku inasukuma chuma juu. Kichwa cha trela ni chuma. Kikainuka.

— Simu yangu haijawahi kuinuka.

— Yako ni ya plastiki!

— Na gari je? Gari si chuma? Mbona halikuruka?

— Gari lilikuwa na watu wawili ndani, lina uzito. Hata hivyo mimi naamini liliinuka kidogo. Kapteni, hukusikia mwili kuwa mwepesi?

— Nilisikia — akasema Kapteni. — Kama kitu kilitaka kutubeba.

Alisema uongo, na alijua kwa nini. Maneno yakipaa hadi kwenye sumaku na pua za boti, yeye hupata nafuu. Mara nyingi alikuwa akiyapulizia mwenyewe ili yaende mbali zaidi. Alichokiogopa ni pale yanapochoka na kushuka chini, kwa sababu siku zote yalishukia mahali pamoja. Na leo pia.

— Jamani, tusizungushane — akasema Birika, akikung'uta kikombe. — Dereva alisahau kufunga. Mwenyewe alikiri mbele ya askari. Imekwisha hiyo.

— Imekwisha — akaitikia Kinyozi. — Na mtu yule ndiye alikuwa anabeba watoto wa watu.

Kapteni akameza kahawa.

Siku ile askari wa barabarani alifika na daftari lake, watu wameshajaa, vumbi la tofali halijatulia. Aliuliza nani amefunga trela. Kapteni aliogopa; alimwona Kinyozi ameshika kichwa, akawaona wateja wawili wa karakana yake kwenye umati. Akasema maneno mawili tu: "Muulize dereva." Mdogo wake akageuka akamtazama. Hakumtazama kwa hasira, alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja kurudiwa. Kapteni hakurudia. Basi Dereva akamwambia askari, "Andika mimi."

Redio alikuwa wa kwanza kulisambaza. Kila aliyeleta simu kutengeneza aliondoka nalo. Kinyozi alilisema kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwake, na vichwa vya baba wa watoto wa shule vilikuwa vingi. Wazazi wakaanza kuwapeleka watoto kwa miguu. Kabla mwezi haujaisha, mwalimu mkuu akamwita Dereva ofisini na kumshukuru kwa utumishi wake. Dereva akaondoka mtaani na familia yake, akapata kazi ya kuendesha lori la mawe kwenye machimbo, mbali, siku nzima kwa basi. Mwaka huu alikuja kumzika mama yao, akashika upande wake wa jeneza, akampa kaka yake mkono, akarudi siku hiyo hiyo.

Saa tatu kasoro robo, gari la kijivu lenye matope likashuka kilima taratibu na kusimama mbele ya karakana. Akatoka mama mmoja wa makamo, amevaa buti za mpira na kitambaa kichwani, mkononi ana tochi mchana kweupe.

— Hamjambo hapo? Namtafuta mwenye boti.

— Hatujambo, mama — wakaitikia, na Kapteni akasimama. Hakutoa taarifa. Birika akaliwahi benchi kwa makalio.

Yule mama alikuwa anafuga samaki kwenye vizimba ziwani, na alitaka chombo cha kupelekea chakula. Hakuzunguka boti akiisifu wala kuiponda kama wanunuzi wafanyavyo. Aliingia chini ya trela. Akamulika ekseli. Akaliinua gurudumu moja kwa jeki, akalizungusha, akaweka kiganja chake juu ya kitovu cha gurudumu na kufumba macho, kama muuguzi anayepima mapigo. Akafanya hivyo na la pili.

— Beringi umeziangalia vizuri — akasema. — Ilikuwa haiendi popote, lakini umepaka grisi.

— Kila mwezi.

— Kwa nini?

Kapteni akalipangusa gurudumu kwa kiganja. Ilikuwa kweli: kila mwezi alifungua, akafuta, akapaka, kwa ajili ya safari ambayo hakuwa na mtu wa kwenda naye.

Bei walikuwa wameshaelewana kwenye simu, haikuwachukua muda. Kijiwe kizima sasa kilikuwa kimevuka mtaro, vikombe mkononi, kusindikiza. Mama akaingia kwenye gari lake, akashusha kioo.

— Baba, simama nyuma unielekeze. Mimi sioni tufe nikiwa huku.

Kapteni akaenda kusimama nyuma. Gari likarudi kwa upole. Akapunga mkono, njoo, njoo, kidogo tena, hapo. Akazungusha mpini wa jeki ya trela, kichwa chake kikashuka polepole na kukaa juu ya tufe. Akalibana komeo mpaka likalia. Akatia pini. Akaviringisha minyororo yote miwili, akaifunga. Akavuta, akavuta tena.

Mama akashuka akaja kuchuchumaa pale pale.

— Samahani, baba. Si kwamba sikuamini. Mimi hukagua mwenyewe.

— Kagua.

— Kagua sana, mama yangu! — akasema Kinyozi, aliyekuwa hawezi kuiachia nafasi kama hiyo ipite. — Ule ukuta unaouona pale una viraka, ni kazi ya hiyo boti. Ilichomoka kilimani ikaja kuninyoa mimi kinyozi. Dereva alisahau kufunga.

— Dereva gani?

— Mdogo wake huyu. Yeye ndiye alikuwa anaendesha siku zote.

— Alikuwa peke yake?

— Hapana, walikuwa wote wawili.

Mama alikuwa bado anavuta mnyororo, macho yake yako kwenye pini. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia:

— Sasa kama yeye alikuwa kwenye usukani, anarudisha gari, kama mimi sasa hivi, nyuma alikuwa amesimama nani?

Kinyozi akashusha taulo begani. Akamtazama Redio. Redio, ambaye alikuwa na jibu la sumaku, la ekseli na la mtandao wa simu, akamtazama Birika. Mwaka na miezi minane walikuwa wamelichambua jambo lile kila asubuhi mpaka likabaki mifupa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza hilo. Wakamgeukia Kapteni mmoja mmoja.

Angeweza kutafuta neno. Alikuwa nalo hata moja tayari mdomoni, kwamba siku ile alikuwa ndani ya karakana, kwamba hakumbuki. Lakini yule mama aliinua uso na kumtazama, bila shaka wala hukumu, akingoja tu jibu la swali lake, na Kapteni akaona amechoka mwili mzima.

— Mimi — akasema.

— Wewe nini? — akauliza Birika.

— Nyuma nilikuwa mimi. Nilishusha kichwa juu ya tufe, simu ikalia. Mteja, rejeta yake inavuja. Nikaongea naye mkono mmoja uko sikioni. Sikubana komeo. Sikutia pini. Minyororo niliiacha inaning'inia. Mdogo wangu akatoa kichwa dirishani, akaniuliza, "Tayari, kaka?" Nikamwambia twende.

— Lakini alikiri! — akasema Redio. — Mimi nilikuwepo. Alisema andika mimi.

— Alisema kwa sababu mimi ni kaka yake, na nilishasema aulizwe yeye. Angenikana mbele za watu? Alidhani nitasema baadaye, watu wakitawanyika.

— Na hukusema.

— Kila siku nilisema kesho.

Yule mama akasimama taratibu, akajipangusa mikono kwenye sketi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakujua kuna jambo. Akaagana na kila mmoja, akaingia kwenye gari lake. Boti ikavutika, ikaingia barabarani, ikapanda kilima ikipita kwenye tuta bila kutikisika sana, ikapotea. Hakuna aliyeipungia mkono. Kinyozi ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

— Mdogo wako alikuja dukani wiki moja baada ya siku ile. Alitaka kunyolewa aende kuonana na mwalimu mkuu. Nikamwambia kiti changu amekivunja, akanyolewe kule juu.

Birika hakusema alichokifanya yeye. Lakini wote walikumbuka asubuhi ambayo Dereva alikuja kukaa benchini, na Birika akamwambia anawazibia wateja hewa, naye akiwa amenunua.

— Ungeniambia hata mimi — akasema Redio.

— Wewe?

— Sawa. Si mimi. Lakini mtu yeyote.

Walirudi kijiweni, Kapteni akakaa na kutoa simu mfukoni. Vidole vyenye grisi vilikosea mara mbili. Hakwenda kando, alibaki pale pale kwenye benchi, na wenzake wakasimama kama watu walio nje ya chumba cha mgonjwa. Simu ililia muda mrefu.

— Haloo, kaka. Kuna nini? Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa.

— Haya, sema haraka basi, niko kwenye mstari wa kupakia.

Nyuma ya sauti yake mawe yalikuwa yanamiminika kwenye mabati.

— Boti imekwenda.

— Nani kanunua?

— Mama mmoja, mfuga samaki.

— Anajua kurudi nyuma?

— Anajua. Lakini si kama wewe.

Dereva hakucheka.

— Nimewaambia — akasema Kapteni.

— Nani? Nini?

— Kijiwe. Kwamba nyuma nilikuwa mimi.

Mawe yakamiminika, yakasimama, yakamiminika tena.

— Leo?

— Leo.

— Kaka, siku ile nilikaa mlangoni nimevaa viatu mpaka giza likaingia. Mke wangu akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia kaka anakuja, tunakwenda kwa mwalimu mkuu. Kesho yake nikavaa tena.

— Nisamehe.

— Nilivaa siku nne.

Kapteni akaegemeza paji la uso kwenye kiganja. Alisema Jumatatu atakwenda shuleni. Kinyozi, aliyekuwa anasikia, akatikisa kichwa kwamba naye atakuwepo, akamwonyesha Redio kwa kidole, kwamba na huyu. Kapteni akamwambia mdogo wake hivyo, kwamba wanakwenda wote.

— Nendeni. Si kwa ajili ya kazi, basi lina dereva mwingine, na hapa wananiheshimu. Nendeni watoto wajue. Kuna waliokuwa wakinikimbilia kuniamkia, mama zao wakawa wanawavuta mkono.

— Tutakwenda.

— Na mama?

Kapteni alielewa, lakini akauliza.

— Mama nini?

— Mama utamwambia lini? Wiki ile ya mwisho, hospitalini, alinishika mkono. Akasema, mwanangu, siku hizi ukifunga trela za watu unaangalia mara mbili? Nikamwambia naangalia, mama. Akasema vizuri. Amekufa anajua ni mimi, kaka.

Kapteni aliwatazama wenzake kama mtu anayetaka kuazima neno, nao wakatazama chini. Birika alikuja na kahawa, akaona uso wake, akapita.

— Uko hapo? — akauliza Dereva.

— Nipo.

— Lori limejaa. Lazima nitoke kwenye mstari, walio nyuma wanapiga honi.

— Haya. Nenda salama.

Lakini simu haikukatwa. Kapteni alisikia gia ikiingia, lori likianza kujikokota na mzigo wake, mtu akimwamkia mdogo wake getini na mdogo wake akiitikia. Kisha barabara, na pumzi ya mtu ambaye hasemi. Yeye naye hakusema. Alikaa vile vile, simu imegandamizwa sikioni, mpaka ikalia mlio mfupi na kunyamaza. Salio lilikuwa limekwisha. Hakuna kati yao aliyekuwa amekata.